Shirley Chisholm, mwalimu wa chekechea aliyeingia bunge la New York: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtaja Shirley Chisholm, wengi hurukia mwaka 1972 alipogombea urais wa Marekani. Hapa nimejibu maswali ninayoulizwa zaidi kumhusu, lakini nimekaa makusudi kwenye miaka ambayo watu huipita mbio: ile karibu 20 aliyoimaliza kwenye vituo vya watoto wadogo, na ile minne ya Albany, makao ya bunge la jimbo la New York. Kwangu mimi, siasa zake zote zimeandikwa humo.

Kwa kifupi, alikuwa nani?

Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, New York, tarehe 30 Novemba 1924. Jina la kwao ni Shirley Anita St. Hill; Chisholm ni la mume wake wa kwanza, Conrad. Alifundisha watoto wa chekechea, akasimamia vituo vya kulelea watoto, akawa mbunge wa jimbo la New York kuanzia 1965 hadi 1968. Kisha akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuingia Kongresi ya Marekani, alikokaa kuanzia 1969 hadi 1983. Alifariki Florida tarehe 1 Januari 2005, akiwa na miaka 80.

Jina lake hutamkwaje?

Chizam. Ile l humezwa.

“Mbunge wa jimbo” maana yake nini? Si wabunge wote wana majimbo?

Swali hili huulizwa zaidi na Watanzania, na wana haki. Kwetu jimbo ni lile linalomchagua mbunge. Marekani, jimbo ni sehemu ya muungano yenye gavana wake, katiba yake, mahakama zake na bunge lake. Yako 50. Kwa hiyo humu nikisema jimbo ninamaanisha New York nzima, na kwa lile eneo linalopiga kura kumchagua mtu mmoja nitaazima neno la Wakenya: eneobunge.

Bunge la jimbo la New York hukutana Albany, mji ulio kama kilomita 240 kaskazini mwa jiji la New York. Lina mabaraza mawili, la chini na Seneti, na wajumbe wake huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Chisholm alikuwa wa baraza la chini. Mkenya akitaka kupata picha, afikirie bunge la kaunti lakini aliongezee nguvu mara kadhaa, kwa sababu mambo ya shule, vyuo vya umma, leseni za walimu na haki nyingi za wafanyakazi huamuliwa huko, wala hayasubiri Washington. Mwalimu akitaka kubadilisha kitu shuleni, mlango wa kugonga uko Albany.

Alikulia wapi?

Hapa pana kisa. Baba yake alitoka Guyana, enzi hizo koloni la Waingereza, na alikuwa kibarua wa kiwandani. Mama yake alitoka Barbados, fundi cherehani na mfanyakazi wa nyumbani. Maisha ya Brooklyn yalikuwa ghali na wazazi wote walikuwa kazini kutwa, hivyo mwaka 1928 watoto wakapelekwa Barbados kulelewa na bibi yao mzaa mama, kwenye shamba la Vauxhall. Shirley alikuwa na miaka mitatu. Alisoma shule ya chumba kimoja, yenye nidhamu ya Kiingereza cha kikoloni, akarudi New York mwaka 1934 akiwa tayari anasoma na kuandika vizuri, na lafudhi ya visiwani ambayo haikumtoka maisha yake yote.

Baadaye alisema wazi kwamba alizungumza na kuandika kwa wepesi kwa sababu ya elimu ile ya awali. Sisi tuliofundisha chekechea tunalijua hilo, ila ni mara chache mwanasiasa kulikiri.

Baba yake, kwa upande wake, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mwanaharakati wa umoja na fahari ya watu weusi, na msomaji mkubwa wa magazeti. Siasa aliilisha nyumba ile pamoja na chakula cha jioni.

Kwa nini alichagua ualimu?

Kwa sehemu, kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa. Alipomaliza sekondari mwaka 1942 alikubaliwa na vyuo viwili vya hadhi, Vassar na Oberlin, lakini nyumbani hapakuwa na pesa za bweni. Akasoma Brooklyn College, alikoweza kwenda na kurudi nyumbani. Alichukua sosholojia, akaongeza Kihispania, na kwenye mdahalo akawa moto. Mwalimu wake mmoja, Louis Warsoff, alimwambia anafaa kuwa mwanasiasa. Alimjibu kwamba mwalimu amesahau mambo mawili: yeye ni mweusi, na ni mwanamke.

Alihitimu 1946. Kazi ilimpiga chenga. Alikuwa na umbo dogo mno, na wakuu wa vituo walimwona kama mtoto aliyekuja kuomba kulea watoto. Hatimaye kituo cha Mount Calvary, Harlem, kilimpokea kwa majaribio kama msaidizi wa mwalimu. Akakaa miaka saba.

Alifundisha wapi na wapi?

Baada ya Harlem, ambako alifanya kazi mchana na kusoma usiku hadi akapata shahada ya uzamili ya elimu ya watoto wadogo kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, aliongoza kituo kidogo cha Brownsville, Brooklyn. Mwaka 1954 akapewa kituo cha Hamilton-Madison, kusini mwa Manhattan: watoto 130 wa miaka mitatu hadi saba, na wafanyakazi 24 chini yake. Alikaa hapo hadi 1959, na Kihispania chake kikapata kazi kila asubuhi, kwa sababu familia nyingi zilitoka Puerto Rico. Kisha jiji likamchukua kuwa mshauri wa elimu katika idara inayosimamia vituo vya kulelea watoto, hadi 1964.

Naomba msomaji asipite haraka hapa. Kituo cha watoto wa wafanyakazi si darasa tu. Mlangoni pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi unajua mama yupi kafukuzwa kazi jana, nani kabadilisha zamu, nani anadaiwa kodi. Unajua kwa sababu mtoto kaja bila kunywa chai, au kaja na shangazi. Mkuu wa kituo anayefanya kazi yake vizuri anajua uchumi wa mtaa kuliko afisa takwimu. Kisha linganisha hilo na miswada aliyoipeleka Albany.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kwa visanduku vya biri. Sitanii.

Enzi hizo siasa za mtaa wa Brooklyn ziliendeshwa na klabu za chama cha Democratic. Mabwana wakubwa walikuwa weupe, hata pale wapiga kura wengi walipokuwa weusi. Wanawake wa klabu walikuwa na kazi moja: kuchangisha fedha kwa bahati nasibu na michezo ya karata. Shirley kijana, mwenye mkono wa sanaa, alipewa jukumu la kupamba visanduku vya biri vya kuwekea tiketi na pesa. Alivipamba vizuri tu. Ila baada ya muda akawauliza wenzake: hizi pesa zote tunazoleta sisi, bajeti yetu wanawake iko wapi? Swali likazua zogo, na bajeti ikapatikana.

Mwaka 1953 alijiunga na kampeni ya Wesley Holder, mwanasiasa mjanja mwenye asili ya Guyana kama baba yake, waliyomchagulia Lewis Flagg kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Brooklyn. Baadaye alithubutu kumpinga Holder mwenyewe kwenye uongozi wa jumuiya yao ya kisiasa. Akashindwa, wakanuniana miaka. Mwaka 1968 Holder huyohuyo ndiye aliyerudi kumsimamia kampeni ya Kongresi.

Kiti cha bunge la jimbo alikipataje?

Mbunge wa eneo lile, Thomas Jones, alipata ujaji mwaka 1964, kiti kikabaki wazi. Chisholm aliona zamu yake imefika: alikuwa amebeba karatasi, amegonga milango na kuandikisha wapiga kura zaidi ya miaka kumi. Wanaume wa klabu walisitasita, naye akasema anagombea.

Upinzani mkubwa ulihusu jinsia yake. Alisimulia habari ya mzee wa miaka kama 70 aliyemsimamisha barabarani kwenye baridi na kumuuliza kama asubuhi ile amempikia mumewe, na kama nyumba ameiacha imepangwa. Hakugombana naye. Alimweleza kwa upole kwamba ameutumikia mtaa huu kwa miaka mingi na sasa anataka kuutumikia kutoka Albany. Mtu aliyezoea kutuliza mtoto anayerusha vijiko hashindwi na mzee mmoja.

Alishinda Novemba 1964. Kisha, kwa sababu mipaka ya maeneobunge ilikuwa ikichorwa upya, akalazimika kugombea tena 1965, na tena 1966. Chaguzi tatu ndani ya miaka mitatu, na zote akashinda.

Alifanya nini hasa Albany?

Hili ndilo swali ambalo watu huuliza kwa adabu huku wakisubiri nifike kwenye urais. Yako mambo matatu makubwa.

La kwanza ni mpango wa SEEK, uliopitishwa mwaka 1966. Vyuo vya umma vya jiji la New York havikutoza ada, lakini alama za kuingilia zilikuwa juu, na watoto waliotoka shule duni za Harlem na Bedford-Stuyvesant, mtaa wa Brooklyn aliouwakilisha Chisholm, walibaki nje. Mkato rahisi ungekuwa kushusha alama na kuwaacha wazame. SEEK iliwachukua wanafunzi wa familia maskini wenye uwezo ila wenye mapengo, ikawapa masomo ya kuziba mapengo hayo, walimu wa kuwafuatilia, washauri, na posho ya vitabu na nauli. Ni wazo la mwalimu tupu: tatizo si kichwa cha mtoto, ni ngazi ambayo haikuwekwa. Wabunge weusi wa wakati ule waliusukuma kwa pamoja, na yeye akiwa mstari wa mbele. Pale City College, kimojawapo cha vyuo hivyo, miongoni mwa waliokuja kufundisha kwenye mpango huo walikuwamo waandishi mashuhuri: Audre Lorde, June Jordan, Toni Cade Bambara na Adrienne Rich. Fikiria mtoto aliyeambiwa hafai chuo, anafundishwa kuandika insha na watu hao.

La pili ni bima ya ukosefu wa ajira kwa wafanyakazi wa nyumbani. Dada wa kazi akifukuzwa leo, kesho hakuwa na chochote, wakati mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na pa kushikilia. Chisholm alipata sheria ya kuwaingiza kwenye bima hiyo. Mama yake alikuwa amefanya kazi hizo.

La tatu lilihusu walimu wenyewe. Mwalimu mwanamke aliyepumzika kwa ajili ya uzazi alipoteza haki yake ya ajira ya kudumu, akirudi anaanza upya kama mgeni. Sheria aliyoipigania ilikomesha hilo. Ni mbunge aliyewahi kukaa kwenye chumba cha walimu tu ambaye angejua kwamba jambo dogo hivyo kwenye karatasi linamchelewesha mtu miaka.

Aliukataa pia mtihani wa kusoma kwa Kiingereza uliokuwa sharti la kupiga kura. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayefanya mambo yake vizuri zaidi kwa lugha yake si mjinga. Nikiwa mtu wa Kiswahili, hapo ninampigia makofi kila nikisoma.

Wenzake bungeni walimpokeaje?

Kwa heshima ya mbali. Alikuwa mkali wa hoja na hakuwa mtu wa baa. Jioni wenzake walipotoka kunywa na kupanga mambo, yeye alibaki hotelini na makaratasi yake. Faida na hasara zake mtu anaweza kuzihesabu mwenyewe.

Mtihani wa kwanza ulimkuta mara alipoingia, mwanzoni mwa 1965. Wademokrasia walikuwa wamepata wingi wa viti lakini wakagawanyika juu ya spika: Anthony Travia au Stanley Steingut. Steingut alikuwa bwana mkubwa wa siasa za Brooklyn, yaani bosi wa chama nyumbani kwa Chisholm. Mbunge mgeni mwenye akili za kawaida angempigia bosi wake. Chisholm alimpigia Travia, na Travia akashinda. Tangu hapo chama cha Brooklyn kilijua kwamba huyu mama hatumwi.

Kuna alichoshindwa?

Mengi. Miswada yake mingi ilikufa, kama inavyokufa miswada ya wabunge wote.

Kama Albany ilimfaa, kwa nini aliondoka?

Mahakama ziliagiza mipaka ichorwe kwa haki, na mwaka 1968 Bedford-Stuyvesant ikapata eneobunge lake la Kongresi kwa mara ya kwanza. Chisholm akaingia kwa kaulimbiu ambayo kwa Kiswahili ningeiandika hivi: hajanunuliwa na hana bosi. Alizunguka na gari la vipaza sauti akijitangaza kuwa ni Shirley Chisholm mpiganaji anapita. Kura za mchujo alizishinda kwa tofauti ndogo, kisha katikati ya kampeni akalazwa na kufanyiwa upasuaji wa uvimbe. Alitoka kitandani kabla hajapona sawasawa.

Mpinzani wake mkuu alikuwa James Farmer, mwanaharakati mashuhuri wa haki za raia, aliyekuja na magari, ngoma na vijana, na ujumbe kwamba watu weusi wanahitaji sauti ya kiume Washington. Lakini kwenye daftari la wapiga kura wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Chisholm aliwafuata hao, kwenye vilabu vyao, makanisani na vibarazani, na mitaa ya Wapuerto Rico akaihutubia kwa Kihispania alichokinoa kituoni. Farmer alishindwa vibaya.

Ni kweli walimpeleka kamati ya kilimo?

Kweli. Mbunge wa mitaa ya zege, tena kwenye kamati ndogo ya misitu. Alilalamika waziwazi, jambo ambalo mgeni hakutakiwa kulifanya, akahamishiwa kamati ya maveterani, yaani wanajeshi wa zamani. Alisema kwake kuna maveterani wengi kuliko miti. Kamati ya elimu na kazi, aliyoitaka tangu mwanzo, aliipata baadaye.

Ualimu wake ulionekana Washington?

Sikiliza hotuba yake ya kwanza bungeni, 26 Machi 1969. Ni hotuba ya kupinga vita vya Vietnam, lakini alianzia kwa watoto: siku ileile Rais Nixon alipotangaza kwamba nchi haitakuwa salama bila kinga mpya ya makombora, mpango wa elimu ya awali kwa watoto maskini wa mji mkuu ulipunguzwa kwa kukosa fedha. Kisha akasema atapiga kura ya hapana kwa kila muswada wa fedha za jeshi mpaka vipaumbele vigeuzwe.

Mwaka 1971 yeye na Bella Abzug walipeleka muswada wa vituo vya kulelea watoto nchi nzima. Muswada wa aina hiyo ulipita mabaraza yote mawili, na Nixon akaukataa Desemba mwaka huohuo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilio kikubwa zaidi cha maisha yake ya kisiasa, kuliko kushindwa urais. Wamarekani wanabishana juu ya vituo hivyo mpaka leo.

Na urais?

Alitangaza kugombea tarehe 25 Januari 1972, kanisani Brooklyn. Alikuwa wa kwanza mweusi kutafuta uteuzi wa urais katika chama kikubwa, na mwanamke wa kwanza kufanya hivyo ndani ya Democratic. Kwenye mkutano mkuu wa Miami Beach alipata kura za wajumbe 152. Aliyeteuliwa ni George McGovern. Wanasiasa wengi weusi wanaume walimwacha peke yake, na alisema mara kadhaa kwamba amebaguliwa zaidi kwa kuwa mwanamke kuliko kwa kuwa mweusi.

Kwa nini alimtembelea George Wallace hospitalini?

Wallace, gavana wa Alabama, ndiye aliyekuwa uso wa ubaguzi wa Kusini. Mei 1972, katikati ya kampeni zilezile, alipigwa risasi akapooza. Chisholm akaenda kumjulia hali, na wafuasi wake mwenyewe wakakasirika vibaya. Miaka miwili baadaye alikuwa akisaka kura za kuwaingiza wafanyakazi wa nyumbani kwenye sheria ya kima cha chini cha mshahara, lilelile deni aliloanza kulilipa Albany. Wallace akamsaidia kuzungumza na wabunge wa Kusini. Sheria ilipita 1974.

Alirudi kufundisha?

Ndiyo. Alipoacha Kongresi mwaka 1983 alikwenda Mount Holyoke, chuo cha wanawake huko Massachusetts, akafundisha siasa na sosholojia miaka minne. Mwaka 1993 Rais Clinton alimteua kuwa balozi Jamaika, afya haikumruhusu. Obama alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia mwaka 2015, akiwa marehemu.

Aliyoyafanya Albany yamebaki?

SEEK ipo. Bado inapokea wanafunzi kwenye vyuo vikuu vya umma vya jiji la New York, pamoja na ule wa Brooklyn alikosoma yeye, na bado inatoa kile kilichoandikwa 1966: masomo ya kuziba mapengo, mshauri, na pesa kidogo ya vitabu.